Gasketi ya hedi kuungua: maana yake, na jinsi ya kuitofautisha na silinda iliyolika

Gasketi ya silinda hedi hukaa kati ya bloku (mwili wa injini wenye silinda) na hedi (sehemu ya juu inayozifunika), na huziba vitu vitatu kwa pamoja: kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), maji ya kupoozea na oili. Kusema "imeungua" ni kusema haizibi tena mahali fulani, mara nyingi baada ya injini kuchemsha na hedi kupinda. Dalili hutegemea imefungua njia kuelekea wapi.

Ikifungua kati ya silinda na maji, rejeta hutoa mapovu mfululizo, mpira wa juu wa rejeta hukakamaa injini ingali baridi, na maji hupungua bila kuvuja nje. Injini ikizimwa maji huingia kwenye silinda. Ikiwashwa hugugumia na kutoa moshi mweupe usiokoma hata ikipata moto. Usiendelee kuiwasha hivyo: maji hayagandamiziki, na konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, inaweza kupinda.

Maji yakiingia kwenye oili, oili hubadilika rangi kama chai ya maziwa. Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili peke yake si ushahidi, kwa sababu gari la safari fupi hukusanya unyevu hapo. Angalia dipstiki.

Inayodanganya zaidi ni gasketi iliyoungua kati ya silinda mbili zinazopakana. Maji safi, oili safi, ila injini haina nguvu na inatikisika. Hapo ndipo wengi humsingizia pistoni, na geji ya kompresheni ndiyo humaliza ubishi.

Kwa injini ya petroli, ipashe moto, kata umeme wa koili na mafuta ya injekta, toa plagi zote, funga geji kwenye tundu la plagi la silinda unayopima, kanyaga mafuta hadi mwisho, kisha piga stata mpaka mshale usimame. Injini nyingi nzima husoma kati ya psi (kipimo cha shinikizo) 120 na 200, lakini tofauti baina ya silinda ndiyo muhimu: ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu. Silinda iliyo chini itie kijiko cha chai cha oili, upime tena. Ikipanda sana, ringi za pistoni au kuta za silinda zimelika. Isipopanda, tatizo ni valvu au gasketi. Na zikiwa mbili jirani zote ziko chini, anza na gasketi.

Ukiwa na kompresa, weka pistoni juu kabisa valvu zikiwa zimefungwa, gia iwekwe kuzuia injini kuzunguka, kisha ingiza hewa kupitia tundu la plagi. Mapovu kwenye rejeta ni gasketi au ufa. Mvumo kwenye tundu la oili ni ringi. Kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi.

Hedi ikishafunguliwa, pima ubapa wake kwa rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya), kwa urefu, upana na kona kwa kona. Injini nyingi haziruhusu zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.1. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena.