Je, wajua kwa nini fundi hufungua kwanza plagi, yaani kifaa cha kutoa cheche, pikipiki kuukuu ikigoma kuwaka?

Pikipiki iliyokula chumvi, ikiachwa wiki kadhaa bila kuguswa, hununa. Unapiga kiki mpaka jasho linakutoka, injini inakohoa mara moja, basi. Hapo wengi hukimbilia dukani: betri mpya, koili mpya (inayozalisha umeme mkali wa cheche), pengine kabureta nzima (inayochanganya petroli na hewa). Fundi mzoefu yeye huchukua spana ya plagi.

Injini ya petroli inadai mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa, cheche kwa wakati wake, na kompresheni, yaani pistoni kuubana mchanganyiko huo sawasawa. Ncha ya plagi imekaa ndani ya silinda, mahali yote matatu yanapokutana, kwa hiyo inaonyesha ni lipi limekosekana.

Ila kabla ya spana, tazama swichi nyekundu ya kuzimia injini, koki ya petroli na standi ya pembeni. Inachekesha, lakini kabureta nyingi zimefunguliwa bure kwa ajili ya swichi hiyo.

Haya, vuta choki (kidude cha kuzidisha petroli injini ikiwa baridi), piga kiki mara kadhaa, kisha fungua plagi papo hapo. Ikitoka kavu, haina hata harufu ya petroli, basi petroli haifiki. Ikitoka imelowa, petroli inafika ila haiungui.

Plagi kavu kwenye pikipiki iliyolala karibu kila mara inakupeleka kwenye kabureta. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi ndizo hupaa kwanza, na ndizo hasa injini baridi inazohitaji ili iwake. Kinachobaki huganda polepole kuwa utando wa kunata. Utando huo hauna shida kubwa na tundu pana, lakini jeti ndogo (kijipande chenye tundu la kupitishia petroli), ile inayolisha injini wakati hujavuta mafuta, ina tundu lisilofika nusu milimita. Wakati wa kuwasha, petroli karibu yote hupitia jeti ndogo na njia ya choki, kwa hiyo uchafu kidogo tu unatosha kukwamisha mambo.

Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, ukiwa umekinga chombo na hakuna moto karibu. Petroli ikitiririka bila kukatika, njia ya kutoka tangini ni salama. Fungua ukasafishe jeti. Ikitoka matone matone, tafuta kwenye koki, chujio au sindano ya floti (boya linaloruhusu na kuzuia petroli kuingia kwenye bakuli). Jeti usiichokoe kwa waya. Ni ya shaba laini, na tundu likitanuka pikipiki itakunywa petroli kupita kiasi. Dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa pampu vinatosha.

Plagi ikiwa imelowa, ifute, irudishe kwenye kepu yake (kofia iliyo mwisho wa waya wa koili), uigandamize kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda, upige kiki. Cheche nzuri ni ya bluu na inasikika ikilia. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Hata hivyo, cheche ikionekana nje usiiamini moja kwa moja. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na umeme huruka kwa shida zaidi kwenye hewa iliyobanwa, kwa hiyo koili iliyochoka inaweza kutoa cheche mbele ya macho yako na ishindwe kazini. Kabla ya kuilaumu koili, chomoa kepu, kata milimita chache za waya wake mkuukuu na uifunge upya. Mara nyingi kutu ya pale ndiyo inayokula umeme.

Stata (mota ya kuwashia injini) ikilia tak-tak bila kuzungusha, hilo ni la betri. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 ikiwa imetulia, lakini betri mbovu nayo huweza kusoma hivyo hivyo. Ipime stata ikiwa inavuta: ikishuka chini ya volti 10, ichajiwe na ipimwe tena. Safisha pia ncha za betri na waya wa negativu unaokaza kwenye fremu.

Kuna pikipiki zinazogoma kwa kiki ila zikisukumwa zinawaka. Hapo mimi hushuku valvu (milango ya silinda ya kuingiza mchanganyiko na kutoa moshi) zilizobana: hazifungi vizuri, kompresheni inavuja, na kasi ya kusukumwa ndiyo inayofidia. Ile inayowaka vizuri asubuhi kisha ikagoma ikipata moto, koili inafaa kuchunguzwa, kwa kuwa waya uliokatika ndani huachana zaidi ukipanuka kwa joto.

Na ikizima baada ya kilomita kadhaa, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia upepo ukifyonzwa kwenda ndani na pikipiki ikawaka muda mfupi baadaye, kitundu cha hewa kwenye kifuniko kimeziba. Petroli ilishindwa kushuka kwa sababu hewa haikuwa ikiingia kushika nafasi yake.