Hali ya kijamii na kiuchumi siyo mshahara

Kuna hoja inarudi kila watu wakianza kuongelea maksi za SAT, mtihani wa kuombea chuo kule Marekani. Inakwenda hivi: chukua mtoto mweusi na mtoto mzungu wenye hali sawa ya kijamii na kiuchumi, bado kwa wastani mzungu anamzidi maksi, kwa hiyo umaskini hauhusiki. Naisikia mpaka kwa wasomi kabisa na inanikera, maana ukichimba kidogo unakuta mtu hajalinganisha hiyo hali, amelinganisha mishahara.

Maana ya hali ya kijamii na kiuchumi ni fupi. Ni nafasi ya familia kwenye jamii, na kwa kawaida watafiti wanaipima kwa vitu vitatu kwa pamoja: elimu ya wazazi, kazi wanayofanya, na kipato. Wengine wanaongeza mali na mtaa wanaoishi. Basi.

Sasa hapo kwenye mali ndo watu wanateleza. Kipato ni hela inayoingia, mali ni kinachobaki ukishatoa madeni, yaani nyumba, akiba, hisa, na alichoacha babu. Takwimu za benki kuu ya Marekani za 2022 zinaonyesha familia ya kizungu ya katikati (nusu ya wenzake wako juu yake, nusu chini) ilikuwa na mali ya dola 285,000 hivi, familia nyeusi ya katikati dola 44,900 hivi. Ni zaidi ya mara sita, na pengo la mishahara haliko hivyo hata kidogo! Kwa hiyo unaweza ukakuta familia mbili zinaingiza hela ileile kwa mwaka, moja ina nyumba na babu wa kulipia tuisheni, nyingine inalipa kodi ya nyumba na kumtumia mama hela ya dawa, halafu mtu anakuja na grafu anasema hawa wako sawa.

Na hilo halikujileta. Miaka ya 1930 serikali ilichora ramani za miji, mitaa ya watu weusi ikapakwa rangi nyekundu kwamba ni hatari kukopesha huko, na FHA, shirika la serikali la mikopo ya nyumba lililoanzishwa 1934, ikawa inadhamini mikopo ya nyumba kwa wazungu na kuwaruka weusi, mpaka sheria ya kuzuia ubaguzi kwenye nyumba ikaja 1968. Kule ukikosa nyumba umekosa na shule, kwa sababu shule za serikali zinapata sehemu kubwa ya hela kwenye kodi ya majengo ya eneo lao, na mtoto kwa kawaida anasoma pale anapoishi.

Kipimo kingine cha hali hiyo kinachotumika sana ni chakula cha shule. Familia ikiwa chini ya asilimia 130 ya mstari wa umaskini mtoto anakula bure, mpaka 185 analipia kidogo. Wanaobaki juu ya hapo wote wanaandikwa "siyo maskini", mtoto wa aliyevuka mstari kwa dola kumi yuko kapu moja na mtoto wa daktari bingwa. Halafu tangu sheria ya 2010 shule nyingi za maeneo maskini zinalisha wote bure, kwa hiyo hata hilo kapu limevurugika.

Ila na upande wa pili wasishangilie, wale wanaosema yote ni umaskini na rangi haina kitu. Wachumi Roland Fryer na Steven Levitt mwaka 2004 waliangalia watoto wa Marekani wanaoanza chekechea, wakapima hiyo hali kwa upana wake, mpaka vitabu vya watoto vilivyopo nyumbani, na karibu pengo lote la mwanzoni la maksi kati ya weusi na wazungu likapotea. Lakini watoto walivyoendelea na shule pengo likaanza kukua tena, na vile vitu vya nyumbani havikutosha kulieleza.

Nije kwa ndugu zetu walioko huko, maana nao wanaitumia ile hoja ya kwanza: "mbona sisi tulikuja bila kitu na watoto wetu wanafaulu?" Jamani, mhasibu mwenye digrii anayeendesha teksi Houston ana kipato kidogo, ila hali yake ya kijamii na kiuchumi siyo ya chini kiasi hicho, elimu yake inahesabika na mtoto anaiona kila siku mezani. Hata bahati nasibu ya green card inataka angalau elimu ya sekondari, au uzoefu wa miaka miwili kwenye kazi inayohitaji ujuzi. Mkongo aliyepelekwa kule kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, hakupita kwenye mchujo huo, na mshahara wake na wa yule mhasibu unaweza kulingana kabisa. Mlichokuja bila ni hela, ndugu zangu, vingine mlikuja navyo.