Glavu, Kofia na Taulo: Misemo Mitatu ya Kiingereza

Kiingereza kina misemo mitatu inayotumia kitenzi kimoja cha kutupa, nayo humtatiza msomaji wa Kiswahili kwa sababu wa kwanza ni wa kumwita mtu apambane, wa pili ni wa kuingia katika kinyang'anyiro, na wa tatu ni wa kusalimu amri. Maana yote imo katika kile kinachotupwa.

Wa kwanza, "throw down the gauntlet", ndio wenye historia nzito zaidi. Neno lake la mwisho, lenye asili ya Kifaransa, lilitaja glavu ya chuma waliyovaa mashujaa wapanda farasi wa Ulaya ya zama za kati. Aliyetaka kupigana na mwenzake aliitupa chini mbele yake, na aliyeiokota alikuwa amekubali. Ndiyo maana kuitikia mwito huo huitwa "take up the gauntlet". Sheria ya Uingereza iliisahau desturi hii bila kuifuta, hata mwaka 1817 Abraham Thornton, aliyekuwa ameachiwa huru katika kesi ya kumuua Mary Ashford kisha akashtakiwa upya na kaka wa marehemu, akatupa glavu mahakamani London na kudai haki ya kupigana na mshtaki wake. Mwaka 1818 majaji walikiri kwamba haki hiyo bado ipo, kaka huyo akakataa pambano, na Thornton akaenda zake. Bunge liliifuta sheria hiyo mwaka 1819.

Leo anayesemwa hivyo huenda ni kampuni iliyoshusha bei ili washindani wake wajibu, au mwanasiasa anayemtaka mpinzani wake wakutane katika mdahalo. Wengi hutafsiri kwa "kutoa changamoto", tafsiri ambayo naiona dhaifu, kwa kuwa siku hizi changamoto imekuwa jina la adabu la shida. "Kumwita ulingoni" huhifadhi ule ukali wa mtu kumkabili mtu.

Kofia ni nyepesi zaidi. Katika ndondi za zamani za Uingereza, aliyetaka kupigana aliirusha kofia yake ulingoni, na hapo ndipo ulipotoka "throw one's hat into the ring". Theodore Roosevelt aliutumia mwaka 1912 alipotangaza kuwania tena urais wa Marekani, na wanahabari wetu wana tafsiri yake tayari: kujitosa katika kinyang'anyiro.

Taulo nalo linajulikana kwa mashabiki wa ngumi. Msaidizi wa bondia akiona mtu wake ameelemewa, hulitupa taulo ulingoni, na Kiingereza husema "throw in the towel" kwa yeyote aliyekata tamaa.

Mwenye kutafsiri ajihadhari na "run the gauntlet", ambao hauna glavu yoyote ndani yake. Ulitokana na neno la Kiswidi la adhabu ya kijeshi, ambapo mkosaji alilazimishwa kupita kati ya safu mbili za askari huku wakimchapa, na masikio ya Waingereza ndiyo yaliyolifananisha neno hilo geni na lile la glavu. Mchezaji anayepita mbele ya mashabiki wenye hasira akizomewa huku na huku ndiye anayefaa kusemwa hivyo, wala yeye hajamwita mtu yeyote apigane naye.