Kuamka usiku kukojoa si lazima figo ziwe zimekufa

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu ya Kigoma: ukiamka usiku kukojoa, figo zimekufa, acha kunywa maji tangu mchana. Si kweli. Wakati mwingine shida iko kwenye usingizi wenyewe: anayekoroma huku pumzi zikikatika, mwili wake hutengeneza mkojo mwingi zaidi usiku. Wengine ni chai ya usiku na dagaa wa chumvi. Kisukari na kuvimba tezi dume pia husababisha kukojoa usiku. Weka chooni jagi lenye vipimo la kukojolea, andika saa na kiasi cha mkojo kwa siku 3, mchana na usiku, kisha peleka daftari zahanati wakupime sukari na mkojo. Kujinyima maji kutwa kwenye joto la Ujiji kunaumiza. Tafadhali, ujumbe huo usiusambaze.