Je, wajua kwa nini mtoto mwigizaji hubaki na huzuni hata kamera ikizimwa?

Wazazi wengi hujiliwaza kwamba mtoto anajua ni maigizo tu: amesoma skripti, amefanya mazoezi, na mwongozaji akisema "kata" mambo yameisha. Kwamba anajua, ni kweli. Hata mtoto wa miaka 4 hutenganisha vizuri uongo wa mchezo na ukweli. Tatizo ni kwamba kujua hakumzuii kuhisi.

Mwaka 1991 mwanasaikolojia Paul Harris na wenzake waliwapa watoto wa miaka 4 na 6 maboksi matupu, wakawaambia wawazie kwamba ndani ya moja kuna kiumbe. Wengine waliwazia sungura, wengine zimwi. Watoto walikiri kwamba hamna kitu. Hata hivyo, baadhi ya wadogo waliowazia zimwi hawakukubali mtafiti atoke chumbani na kuwaacha peke yao na boksi wanalojua ni tupu. Hao hawakuwa waigizaji, na utafiti juu ya watoto waigizaji wenyewe ni mchache, lakini jaribio hilo linatosha kuitia shaka hoja ya "anajua ni maigizo".

Sasa tuuangalie mwili. Ni kama pangaboi: ukizima swichi, mapanga huendelea kuzunguka, na yaliyokuwa kwenye kasi kubwa huchelewa zaidi kusimama. Neno "kata" ndiyo swichi. Moyo hutulia mapema, lakini kortisoli, homoni ya msongo, kwa kawaida hufika kileleni dakika 20 hadi 30 baada ya mshtuko kuanza, kisha hushuka polepole. Tukio likirudiwa mara sita, swichi inawashwa tena kabla mapanga hayajasimama. Ndiyo maana mtoto anaweza kucheka na wapiga picha mara tu baada ya kulia, halafu akazua ugomvi garini saa moja baadaye, akaambiwa ana deko. Vipimo hivyo ni vya wastani. Watoto hutofautiana sana.

Kinachoamua kasi ni namna machozi yalivyopatikana. Mentholi inayopakwa chini ya macho (isiguse jicho) hutoa machozi bila huzuni. Kuiga pumzi za kwikwi na uso uliokunjamana huacha alama kidogo. Hatari ni kumwambia mtoto akumbuke msiba wake halisi, au kumdanganya. Mwaka 1931, katika filamu ya Skippy, mwongozaji Norman Taurog alimliza Jackie Cooper kwa kumfanya aamini kwamba mbwa wake amepigwa risasi. Cooper aliteuliwa kuwania Oscar akiwa na miaka 9. Alipochapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1981, bado aliupa mkasa wa mbwa nafasi kwenye jina la kitabu.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wa mtoto, muulize mwongozaji machozi yatapatikanaje na tukio litarudiwa mara ngapi, na ukataze kumbukumbu za kweli. Mpangieni mtoto neno moja la kusimamisha kazi, na mlijaribu mazoezini. Lisipoheshimiwa huko, kwenye seti halitaheshimiwa.

Tukio likiisha, avue nguo za mhusika na anawe uso kwanza. Mwite kwa jina lake. Dakika 10 za kukimbia au kuruka, kisha maji na chakula. Mkizungumzia tukio, mhusika awe mtu mwingine: "Yule msichana alihuzunika," si "ulihuzunika." Usimsifu kwa "umelia vizuri mno", maana atajifunza kwamba wakubwa hufurahi akiumia, sifu alivyokumbuka maneno au alivyosubiri zamu yake.

Usiku mmoja wa ndoto mbaya si ajabu. Zikijirudia kwa wiki mbili, au akianza kukojoa kitandani upya, kukataa shule au kung'ang'ania mzazi kuliko kawaida yake, apelekwe kwa mtaalamu wa saikolojia ya watoto. Akitaja kutaka kujidhuru, hizo wiki mbili hazihusiki: apelekwe siku hiyohiyo.