Mabaka yanayowasha yasiyokoma: maswali na majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Jioni mwili unanitoka mabaka yaliyovimba, yanawasha sana. Asubuhi yamepotea, kesho yanatokea kwingine. Ni nini hiki?

Hiyo ni urtikaria, ambayo wengi huiita aleji tu. Kwenye ngozi kuna seli za kinga zenye akiba ya kemikali inayoitwa histamini. Seli hizo zikichokozwa huimwaga, mishipa midogo ya damu inatanuka na kuvujisha majimaji, ngozi inavimba na kuwasha. Baka moja kwa kawaida halimalizi saa 24, na likiondoka haliachi alama. Hali hii ikiendelea kwa zaidi ya wiki 6, inahesabiwa kuwa sugu. Wengine huvimba pia midomo au kope.

Picha nyingi za ugonjwa huu zinaonyesha wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani: baka linaweza kuwa na rangi ile ile ya ngozi. Pitisha kiganja taratibu, utalihisi limeinuka.

Nimeacha pweza, ngisi, mayai na korosho, lakini bado yanatoka. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Chakula kwa kawaida sicho chanzo cha urtikaria sugu. Mzio wa chakula hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa mbili hivi baada ya kula, na hurudi kila ukila chakula kile kile. Mabaka yanayokuja ukiwa umekula na yanayokuja ukiwa umefunga hayafuati sahani yako. Kwa wagonjwa wengi ni kinga ya mwili yenyewe inayozichokoza zile seli. Inaniuma kuona mtu wa pwani amejinyima samaki mwaka mzima, au mama anayenyonyesha amedhoofu kwa kujinyima, na mabaka yako pale pale.

Samaki wana jambo lao jingine. Jodari au vibua waliokaa juani bila barafu hujaa histamini, na moto wa jikoni hauiondoi. Hapo wanaweza kuwashwa watu kadhaa waliokula sufuria moja, na hali hiyo kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili. Hiyo ni sumu ya samaki.

Mimi nabangua korosho, mikono imebabuka. Ni huu huu?

Hapana. Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na kuleta malengelenge yanayodumu siku kadhaa pale pale yalipogusa. Tiba yake ni tofauti, na kinga yake ni glavu. Ila mtu anayevimba mdomo au kubanwa kifua kila akila korosho ana mzio halisi wa korosho, na huyo asiionje tena.

Kuna kipimo cha damu cha kuonyesha chanzo?

Kipimo kikubwa ni maelezo yako. Mabaka yana tabia ya kutoweka ukifika tu zahanati, kwa hiyo yapige picha kwa simu. Chukua kalamu, zungushia baka moja, kisha litazame kesho saa ile ile. Kama bado lipo ndani ya duara, linauma kuliko kuwasha, au limeacha weusi kama jeraha la kugongwa, mwambie daktari: huenda kuta za mishipa midogo ya damu zimevimba, ugonjwa mwingine kabisa, na hapo kipande kidogo cha ngozi huweza kuchukuliwa kupimwa.

Kwa urtikaria ya kawaida inatosha picha kamili ya damu na kipimo cha damu cha ESR au CRP, kinachoonyesha kama kinga ya mwili inapambana na kitu ndani, pengine na cha tezi ya shingo. Choo nacho kipimwe kama kuna dalili za minyoo. Kutumia fedha nyingi kupima mzio wa vyakula kwa makumi, bila historia inayoelekeza huko, siungi mkono hata kidogo.

Taja kila dawa unayotumia. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huyachochea mabaka kwa baadhi ya watu. Anayetumia kaptoprili au enalaprili kwa shinikizo la damu akavimba midomo au ulimi aende hospitali mara moja. Angalia pia kama yanaletwa na jasho, maji baridi, au mkanda unaobana.

Mama mkwe anasema ni damu chafu, ninywe dawa ya kuisafisha.

Umsikilize kwa heshima, lakini damu yako si chafu. Na huambukizi mtu. Lala na wanao bila hofu.

Nikimeza kidonge yanaisha, nikiacha yanarudi. Dawa haifanyi kazi?

Inafanya kazi, ila unaimeza kwa kuvizia. Setirizini au loratadini, miligramu 10 kwa mtu mzima, humezwa kila siku, hata siku ambayo ngozi ni safi, kwa sababu kazi yake ni kuizuia histamini kabla haijaleta uvimbe. Isipotosha baada ya wiki mbili hadi nne, daktari anaweza kuipandisha hadi mara nne ya dozi hiyo. Usijipandishie mwenyewe, hasa ukiwa na figo dhaifu au ujauzito. Piritoni, dawa ya mzio ya zamani, inaleta usingizi. Dereva wa bodaboda asiitegemee.

Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndiyo inayonitia hofu. Inatuliza haraka, watu wanairudia dukani mwezi hadi mwezi, na baadaye sukari na presha vinapanda na mifupa inadhoofika. Ni ya siku chache tu, kwa maelekezo ya daktari. Vidonge vya mzio vikishindwa, ipo sindano ya omalizumabu, ya kila wiki 4. Ni ghali, na huandikwa na daktari bingwa. Anza zahanati ya karibu, kisha omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa: Ligula kwa walio Mtwara au Sokoine kwa walio Lindi.

Nitaishi nayo milele?

Kwa wengi huisha yenyewe, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja hadi mitano. Daktari atakupunguzia dawa taratibu kuona kama bado unaihitaji.

Lini nisingoje asubuhi?

Ulimi ukivimba, sauti ikikwama, ukihema kwa shida au ukitaka kuzimia. Hapo tafuta usafiri wowote uliopo, hata kama ni usiku wa manane, na ukifika useme kwanza: "Napumua kwa shida."