Jina la Bububu halikutoka kwenye gari ya moshi

Nje ya Ngome Kongwe, upande wa Forodhani, hukosi kumsikia mtembeza wageni akisema: "Hapa ndipo ilipoanzia gari ya moshi. Ikenda ikilia bu-bu-bu, ndiyo kule ilikoishia kukaitwa Bububu." Wageni hucheka, wakapiga picha. Mimi nimefanya kazi ya upimaji ardhi maisha yangu yote, na siku hizi nakusanya ramani na picha za njia kongwe za Unguja. Hadithi ile kwangu ni mchanga ndani ya wali.

Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan wa Zanzibar, aliwahi kuishi shamba Bububu, na ameliandika jina hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Mwenyewe alikwishaondoka Unguja tangu 1866. Reli ya Bububu imejengwa mnamo 1905. Jina lilitangulia reli kwa karibu miaka arubaini, kwa uchache. Watu wa kule wenyewe wanakwambia ni mlio wa maji yanavyochemka kutoka ardhini, maana upande ule una chemchem, na ndiko Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alikotoa maji ya kuletwa mjini. Bibi mmoja niliyemuamkia njiani nikamuuliza, alinijibu huku akiendelea kuchambua mchicha: "Mwanangu, gari ilikuja ikalikuta jina limekaa kitako."

Na hata hiyo haikuwa reli ya mwanzo. Barghash alikwishatandika yake mnamo 1879, kutoka kwenye jumba lake mjini mpaka Chukwani, kusini, mwendo wa kama maili 7. Mwanzo mabehewa yake yalivutwa na nyumbu, wale wanaozaliwa na punda na farasi. Kichwa cha moshi kilikuja baadaye, kimetengenezwa Uingereza na kampuni ya Bagnall. Wakati huo Mombasa na Tanga hazijaota hata taruma moja. Lakini ile ilikuwa reli ya mfalme kwendea kupunga upepo. Alipofariki 1888 nayo ikafa, chuma kikang'olewa.

Ya Bububu ilikuwa kitu kingine. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ya New York, enzi za Seyyid Ali bin Hamud. Urefu ni hizo hizo maili 7, yaani kilomita 11 hivi, safari hii kuelekea kaskazini. Upana baina ya chuma na chuma ni futi 3, sentimita 91, mwembamba kuliko reli ya zamani ya Mombasa yenye mita nzima. Waliosoma juu juu huona ule wembamba ni ubahili. Sivyo, au tuseme si ubahili peke yake. Nina nakala ya postikadi ya zamani inayoonesha gari ikipita katikati ya nyumba za mjini: kuta huku na huku, watu wamesimama milangoni, na aliyekaa barazani angeweza kunyoosha mkono akaligusa behewa. Njia kama ile hupitishi reli pana bila ya kuvunja nyumba za watu. Kadiri reli inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyokubali kona za karibu.

Baada ya kutoka mjini ilishika pwani, Saateni, Mtoni, mpaka Bububu. Ukitazama ramani ya miinuko unaona kwa nini. Kwa ndani kuna mgongo wa Masingini, na gari ya moshi haipendi mlima. Magurudumu ya chuma juu ya chuma huteleza. Chini ya mgongo, kandokando ya bahari, ardhi ni tambarare. Mimi mwenyewe ningepita hapo hapo.

Sasa huduma yenyewe. Abiria wake wengi walikuwa wenyeji: watu wa shamba wanaokwenda mjini na kurudi, na mtu wa shamba haendi mjini mikono mitupu. Palikuwa pia na behewa la daraja la kwanza, likifungwa kwa ajili ya wasafiri wa meli zinazotia nanga, wapate kuona minazi kidogo kabla meli haijapiga honi. Postikadi zimewapendelea hao, na vitabu vya utalii vikafuata. Lakini ukiniuliza gari ya Bububu ilikuwa nini, nitakwambia ndiyo 502, daladala ya Bububu, ya babu zetu, bila ya konda kuning'inia mlangoni. Kule mjini, Ngome Kongwe ndiyo iliyokuwa karakana. Pale wanapofanyia tamasha leo palikuwa na makaa na grisi.

Mwaka 1911 serikali ikainunua kutoka kwa kampuni. Kilichoiua ni barabara na motokaa. Motokaa inakushusha mlangoni, haikungoji stesheni. Mnamo 1922 abiria wakasimamishwa, na reli ikabakishiwa kazi ya punda: kuchukua mawe ya kufukia bahari kwa ajili ya bandari. Kwa hiyo anayepanda boti ya Dar es Salaam leo pale Malindi anakanyaga, kwa chini kabisa, mzigo wa gari ya Bububu. Kufikia 1930 mambo yalikwisha, vichwa na mabehewa yakauzwa chuma chakavu.

Chuma cha njiani hawakukimaliza chote. Miaka ya sabini, baina ya Saateni na Mtoni, vipande vilikuwa bado vinaonekana vimelala ndani ya barabara. Tulikuwa tukitoka skuli tunashindana kutembea juu yake, mguu mbele ya mguu, bila ya kuanguka. Saa saba mchana kile chuma kilikuwa moto, na wengi wetu hatukuwa na viatu. Aliyefika mbali kuliko wote alikuwa na ndara za kuazima, na mpaka leo sikubali kuwa alinishinda.